Mtoto Asiyetimiza Miezi Tisa Analindwa na Nani?



Swali tunalotaka kulizungumza safari hii ni fupi, lakini majibu yake huwagombanisha watu. Mzazi anayekataa kumpeleka mtoto wake kuchanjwa surua, je, ameamua jambo la nyumbani kwake tu, au amemkosea na jirani? Wako wasemao kwamba mtoto ni wa baba na mama yake, nao ndio watakaolia akifa, basi wengine wanyamaze. Na wako wasemao kwamba serikali imlazimishe kila mtu, mambo yaishe. Sisi hatukubaliani na hao wa kwanza, na hao wa pili twakubaliana nao nusu tu. Twaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana jambo hili haliwezi kuamuliwa kwa haki kabla hatujaujua ugonjwa wenyewe jinsi unavyokwenda.

Sisi tuliozaliwa kabla chanjo haijaenea nchini tuliikuta surua ikingojewa kama mvua ya masika. Kila mtu alijua kwamba itakuja, hakuna aliyejua itaondoka na nani. Wazee wengi hawakupenda kuhesabu watoto wa nyumba mpaka surua iwe imepita. Hata leo utamsikia mtu mzima akisema barazani, "Mbona sisi tuliugua tukapona?" Ni kweli, tuliopona tupo hapa twasema. Wasiopona hawaji barazani. Inakadiriwa kwamba kabla chanjo haijaenea duniani, surua iliua watu kiasi cha milioni 2.6 kila mwaka, wengi wao watoto wadogo. Kwa mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo kiasi cha 95,000. Hao bado ni wengi mno, lakini tofauti ya hesabu hizo mbili haikuletwa na bahati.

Surua huletwa na virusi vinavyosafiri katika hewa. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya chumbani, ugonjwa waweza kubaki katika hewa ya chumba kile mpaka muda wa saa mbili baada ya yeye kuondoka. Tuseme mtoto mmoja amekohoa katika chumba cha zahanati saa tatu asubuhi, kisha mama yake akambeba wakaenda zao. Mtoto mwingine akiingia humo saa nne na nusu, aweza kuambukizwa na mtu ambaye hakumwona kamwe. Katika watu kumi wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, tisa huambukizwa. Na mgonjwa mmoja akiwa katikati ya watu wasio na kinga, aweza kuwaambukiza kati ya 12 na 18.

Lakini lililo zito kuliko hayo ni hili. Mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea. Siku hizo ana homa, mafua, kikohozi na macho mekundu, kama mtoto yeyote wa msimu wa baridi. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuwakagua watoto kila asubuhi mstarini: kucha, nywele, nguo, macho. Ukaguzi ule ulikuwa na faida zake, nasi hatuudharau. Kwa chawa na upele ulifaa sana. Lakini surua huupita mstari ule bila kusimamishwa, na vipele vinapoonekana nyuma ya masikio na usoni, darasa zima limekwisha kuvuta hewa ile. Kwa hiyo asemaye, "Mwanangu akiugua nitamweka ndani asimwambukize mtu," anaahidi jambo asiloweza kulitimiza, hata kama moyo wake ni mwema.

Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, jina lake Peter Panum, alitumwa visiwa vya Faroe, kaskazini ya Ulaya, surua ilipoingia huko. Visiwa hivyo vilikuwa havijaona surua kwa miaka 65. Katika wakazi wapatao 7,800, zaidi ya 6,000 waliugua katika miezi michache. Panum akaona kwamba wazee waliougua mwaka 1781, walipokuwa watoto, hawakuguswa mara ya pili. Hivyo ndivyo surua ifanyavyo: humtafuta asiye na kinga mpaka imwone, na humwacha mwenye kinga. Kijiji au mji hauwezi kujificha nayo. Waweza tu kuinyima watu wa kuwapata.

Sasa tuje kwa mtoto mchanga, ambaye ndiye hasa tuliyemwandikia habari hii. Mtoto anapozaliwa huwa na kinga kidogo aliyoipata kwa mama yake akiwa tumboni. Kinga hiyo hupungua mwezi kwa mwezi. Mtu angeuliza, kwa nini basi asichanjwe siku ya kuzaliwa, kama afanyiwavyo kwa chanjo ya kifua kikuu? Ni kwa sababu kinga ile ya mama, maadamu ingalipo, huipiga chanjo ya surua kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana hapa kwetu Tanzania mtoto huchanjwa akitimiza miezi tisa, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Hiyo ya mara ya pili iliongezwa mwaka 2014, pamoja na chanjo ya rubela. Wakati wa mlipuko watoto wa miezi sita nao waweza kupewa dozi ya ziada, lakini hiyo haihesabiwi, nao hurudia wakifika miezi tisa. Tena wataalamu wamegundua kwamba akina mama wa siku hizi, waliopata kinga kwa sindano badala ya kuugua, huwapa watoto wao kinga inayokwisha mapema zaidi. Kwa hiyo kuna miezi kadhaa katika maisha ya kila mtoto ambapo ya mama imekwisha na ya kwake haijaja. Mama yake hana la kumfanyia, awe na elimu au asiwe nayo, awe na fedha au awe maskini. Mtoto huyo hukingwa na watoto wakubwa wanaomzunguka, au hakingwi na mtu.

Tufanye hesabu moja, maana mwalimu hata akistaafu haachi hesabu. Chukua watoto 100 wa miezi tisa, wote wachanjwe. Kiasi cha 85 watapata kinga, na 15 hawatapata, bila kosa la mzazi wala la nesi. Ndivyo mwili wa umri ule ulivyo. Ndiyo kazi ya sindano ya pili, kuwapata wengi wa hao 15. Sasa tuseme waliokuja kliniki ni 80 tu. Asilimia 85 ya 80 ni 68. Mtaa ule sasa una watoto 32 wasio na kinga, bado hujawahesabu walio chini ya miezi tisa. Ili surua isipate njia, yatakiwa watu 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara mbili. Kutoka 68 mpaka hapo kuna pengo ambalo ugonjwa waweza kupita nalo mchana kweupe.

Hapo ndipo neno la "mtoto wangu ni wangu" linaposhindwa. Kama surua ingekuwa kama pepopunda, ambayo haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, tungeweza kubishana na mzazi juu ya mtoto wake peke yake. Lakini huyu anayemzuia mtoto wake anaamua pia juu ya mtoto wa miezi minne wa nyumba ya pili, ambaye hakuulizwa, na mama yake hakuulizwa. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Sisi tulizoea kuitumia methali hiyo kwa uji na mbeleko, lakini kwa surua imekuwa habari ya mwili kabisa: kinga ya mtoto mchanga iko katika damu ya watoto wa wenzake.

Mtu mmoja alitujibu kwamba mtaa ukiwa umechanjwa wa kutosha, mtoto wake mmoja hawezi kuharibu kitu. Hoja hii ina akili, wala si ya kudharauliwa. Mtoto mmoja kweli hawezi. Lakini tuifikirie kwa mfano wa msaragambo. Kijiji kinachimba mfereji wa maji, na mtu mmoja hutoki, ukisema mfereji utachimbwa tu hata bila jembe lako. Utachimbwa, nawe utakunywa. Wenzako watakusengenya, basi. Ila mfano huu haufikii ubaya wa jambo letu, kwa sababu mvivu wa msaragambo hunywa maji ya wenzake bila kuyachafua. Asiyechanjwa, siku surua ikija, aweza kuwa ndiye anayeileta. Tena hoja yake inafaa mradi wengine wasiitumie. Akimshawishi jirani aifuate, imekufa. Hoja ambayo mwenye nayo lazima aifiche wenzake wasiisikie si hoja ya kusimamia mtu mwadilifu.

Lakini tusiwaweke watu wote katika kapu moja. Yuko asiyejua. Yuko anayejua lakini kliniki iko mbali, au baba hatoi nauli. Yuko anayeogopa. Na yuko anayewaogopesha wengine. Wa kwanza apaswa kufundishwa, na wa pili apaswa kusaidiwa. Mzigo mzito uko kwa huyo wa mwisho, hasa akiwa mtu mwenye kuaminiwa. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha makala juu ya watoto 12, akidokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Watoto 12! Mwaka 2010 jarida lile liliifuta makala hiyo, na daktari mwenyewe akaondolewa katika orodha ya madaktari wa nchi yake. Uchunguzi wa watoto wengi sana katika nchi mbalimbali haukuona uhusiano huo. Lakini habari ya kufutwa haikimbii kama habari ya kuogopesha, na hofu ile imefika mpaka simu za vijana wetu, ikiwa imevikwa nguo nyingine.

Kwa huyo anayeogopa twataka kusema zaidi, kwa sababu twaona mara nyingi hujibiwa kwa ukali, kama mtoto aliyekosea jibu ubaoni. Hofu ya mzazi si dhambi. Chanjo yenyewe si maji matupu. Baadhi ya watoto hupata homa au vipele vichache siku kadhaa baada ya kuchanjwa, wachache sana hupata degedege la homa, na aliyepungukiwa sana kinga ya mwili, au mama mjamzito, hachanjwi chanjo hii. Haya yafaa yasemwe wazi. Akiyasikia kwanza kwa nesi hatashtuka. Akiyasikia kwanza kwa mpinzani atadhani amefichwa.

Habari za Samoa zatufundisha jambo hili. Samoa ni nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, yenye watu kiasi cha 200,000. Mwezi wa Julai 2018 watoto wawili wa umri wa mwaka mmoja walikufa dakika chache baada ya kuchanjwa, siku moja, hospitali moja. Watu wakasema chanjo imeua. Uchunguzi ulipofanyika ilionekana kwamba chanjo haikuwa na kosa. Chanjo ya surua hukaa kama unga, na huchanganywa na maji maalumu kabla ya kudungwa. Manesi wawili waliichanganya na dawa nyingine, ya kulegeza misuli, ambayo hutumika mtu anapopasuliwa. Manesi hao walikiri, na mwaka 2019 wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Lakini katikati ya kifo na hukumu, serikali ilisimamisha chanjo ile kwa miezi mingi, maneno yakajaza nafasi iliyoachwa wazi, na ilipoanza tena akina mama wengi hawakurudi. Ilikadiriwa kwamba mwaka 2018 ni kiasi cha mtoto mmoja tu katika watatu aliyepata dozi ya kwanza. Mwaka 2019 surua ikaingia. Watu zaidi ya 5,700 wakaugua, na 83 wakafa, walio wengi wakiwa watoto chini ya miaka mitano. Mwezi wa Desemba serikali ilifunga kazi na barabara kwa siku mbili, ikawaambia wenye nyumba watundike kitambaa chekundu mlangoni kama ndani mna mtu asiyechanjwa, na wahudumu wakapita nyumba kwa nyumba.

Tukiwauliza wasomaji ni nani aliyewaua watoto wale 83, tunajua majibu yatakuwa mengi. Manesi wawili walikosa, wakaadhibiwa. Wazazi waliogopa, na nani kati yetu asingeogopa baada ya kuona majeneza mawili madogo? Twaona kwamba kosa kubwa lilikaa katika ile miezi ya katikati, ambapo hakuna aliyesimama mapema na kwa sauti ya kutosha akawaambia watu kilichotokea ni nini, kisha akawapa wengine chanjo iliyochanganywa vizuri mbele ya macho yao. Kuaminiwa ni sehemu ya dawa. Aliyekabidhiwa afya ya watu akilinyamazia kosa ili kulinda jina la ofisi yake, ameweka rehani watoto wasiohusika na kosa lile hata kidogo.

Habari nyingine iko karibu nasi zaidi, nayo ni ya Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, ambayo ni hospitali ya Kanisa letu la Anglikana. Ni habari ya watoto waliokwisha kushikwa na surua. Ugonjwa huu hauui kwa vipele. Huua kwa nimonia na kuhara, na huwapofusha macho watoto waliopungukiwa vitamini A. Madaktari wa Mvumi waliwachukua watoto 180 waliolazwa kwa surua, wakawagawa kwa kura. Wote walitibiwa sawa, ila 88 waliongezewa vitamini A kwa wingi, na 92 hawakuongezewa. Katika wale 88 walikufa sita. Katika wale 92 walikufa 12. Kwa watoto chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi: alikufa mmoja katika 46, na saba katika 42. Matokeo yalichapishwa Uingereza mwaka 1987, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakashauri vitamini A itumike kwa wagonjwa wa surua mahali inapopungua. Mwaka 1990 madaktari wa Cape Town waliona jambo lilelile.

Msomaji mwenye huruma atauliza: je, wale 92 hawakudhulumiwa? Swali hili limetukalisha kitako siku nyingi. Jibu letu ni kwamba wakati kura ile inapigwa, mganga hakujua kwa hakika kama kile anachowapa wale 88 kitafaa, au kitadhuru, au ni bure. Asiyejua, akijaribu kwa uangalifu ili ajue, hajamdhulumu mtu. Dhuluma huanza siku ile jambo likishajulikana na lisitendwe. Na hapa kuna la kusikitisha, kwa sababu lilikuwa limekwisha kujulikana nusu. Mwaka 1932 daktari mmoja wa London, J. B. Ellison, alichapisha habari za watoto 600 wenye surua: 300 walipewa mafuta yenye vitamini A, wakafa 11, na 300 wengine hawakupewa, wakafa 26. Habari hiyo ikalala katika vitabu kwa zaidi ya miaka 50. Ni watoto wangapi wa Afrika na Asia waliopita katika miaka ile, hatuwezi kuhesabu.

Kwa sababu hiyo hatumlaumu bibi wa zamani aliyezika watoto watatu kwa surua akasema ni mapenzi ya Mungu. Alisema alilokuwa nalo. Chanjo ilikuwa haijatengenezwa. Ilianza kutumika Marekani mwaka 1963, na mpango wa chanjo wa taifa letu ulianza mwaka 1975. Lakini neno lilelile la bibi, likitoka leo kinywani mwa mjukuu wake mwenye kadi ya kliniki mkononi na zahanati ng'ambo ya mto, si neno lilelile tena. Kwa bibi lilikuwa kunyenyekea. Kwa mjukuu ni kumsingizia Mungu lililomshinda yeye.

Kuna jambo jipya kidogo la kuongeza, maana linamgusa yule asemaye kwamba kuugua surua kunamkomaza mtoto. Mwaka 2019 wataalamu walionyesha kwamba surua hufuta kumbukumbu ambazo mwili umejiwekea juu ya magonjwa mengine, kama dasta ifutavyo ubao. Mtoto aliyepona surua aweza kushikwa tena na magonjwa ambayo mwili wake ulikuwa umekwisha kujifunza kuyashinda, na hali hiyo yaweza kuchukua miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo kupona surua si sawa na kuwa salama. Mwalimu anayefahamu kazi ya mwaka mzima iliyo ubaoni ataelewa hasara hiyo.

Sasa, je, watu walazimishwe? Samoa walilazimisha, maji yakiwa shingoni, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini kwa siku za kawaida twaona vigumu kukubali kwamba mtoto asiye na kadi afukuziwe mbali na mlango wa darasa la kwanza. Anayekosa si yeye. Atakuwa amenyimwa chanjo na baba yake, kisha akanyimwa kusoma na sisi. Afadhali mwalimu mkuu aitazame kadi siku ya kuandikisha, na ikikosekana ampeleke mzazi kliniki kwa barua, na kiti cha mtoto kiwe kinamngoja. Surua ikiwa imeingia mtaani, hapo ni jambo jingine: asiyechanjwa akae nyumbani mpaka ugonjwa upite, na mzazi wake asilalamike. Kumzuia mtu kwa muda asiwaambukize wenzake si kumwadhibu. Ndiyo ile nusu tuliyosema twakubaliana nayo.

Tena kabla ya kusema habari ya kulazimisha, yafaa tujiulize kama aliyetaka alipewa. Kichupa cha chanjo ya surua kwa kawaida huwa na dozi kumi. Kikishafunguliwa na kuchanganywa, kitatumika kwa saa sita, kinachobaki humwagwa. Basi mama amekuja kwa miguu tangu alfajiri, mtoto mgongoni, wako akina mama watatu tu, na nesi anawaambia, "Rudini wiki ijayo, mtakapokuwa wengi." Twamwelewa nesi, naye ana daftari la kujibu juu ya kila dozi iliyopotea. Lakini ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Dozi tisa zilizomwagwa zina bei inayojulikana. Mama asiyerudi wiki ijayo hana bei inayojulikana, na wengi hawarudi. Nesi anayekifungua apewe nguvu na wakubwa wake, wala asiulizwe kana kwamba ameiba. Na sisi wa mtaa twaweza kumsaidia kwa jambo dogo: siku ya kliniki itangazwe kanisani, ili wajiao wawe kumi na zaidi. Akina baba nao wasikie tangazo hilo. Kadi ya kliniki imeachwa kwa akina mama kana kwamba ni kanga, na ukimwuliza baba mwanawe amechanjwa nini, hutazama juu ya paa.

Yabaki swali tuliloletewa na msomaji mmoja: mama mwenye mtoto mwenye surua afanye nini siku ya Jumapili? Asimlete kanisani wala Shule ya Jumapili, na ndugu zake wasiochanjwa nao wasije. Mtoto abaki nyumbani siku nne tangu vipele kutokea, na akipelekwa zahanati, mama atoe habari mlangoni kwanza, asikae naye kwenye benchi katikati ya wenye vichanga. Huko atapewa vitamini A, leo na kesho. Aendelee kunyonya, anywe maji na uji, asifungiwe bila maji kama watu wengine wafanyavyo, wala asitiwe majani yoyote machoni. Akipumua kwa shida, au akihara sana, au jicho likiingia ukungu, asisubiri. Mama huyo hakufanya aibu yoyote, hata wasengenyaji waseme nini. Wanaoruhusiwa kumtembelea ni watu wazima waliougua zamani au waliochanjwa, nao tupo wengi. Wasiende mikono mitupu, kwa maana mama aliyefungiwa na mgonjwa siku nne hana wa kumchotea maji wala wa kumwendea sokoni.